Samaki wa Baba Zuhura Wanajikuna

Kibondo,
mvua za kwanza zimeshaanza

Kaka yangu Bakari,

Shikamoo. Mgawie na wifi yangu salamu hiyo hapohapo, kabla hujaanza kumwambia kwamba mdogo wako leo amekumbuka kuna watu Tanga. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema limevimba na wewe unalikanda kwa mafuta ya karafuu badala ya kwenda hospitali. Sitaki ubishi mapema hivi, lakini goti na karafuu hawajuani. Mimi ni mzima wa afya. Duka linakwenda. Shule zimefunguliwa, madaftari yanatoka, vitabu vimekaa palepale vikinitazama. Zuhura yuko chuoni Mwanza na anapiga simu akiishiwa, kwa hiyo habari zake nazipata mara kwa mara.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua wakati simu ipo. Wewe na mimi hatujawahi kumaliza jambo kwenye simu. Nasema, unanikatiza, nami nakukatiza pale uliponikatizia, na salio linaisha tukiwa bado kwenye utangulizi. Halafu nyumba yetu, unakumbuka, ina pazia tu kati ya sebule na chumba, na shemeji yako Yusufu siku hizi anashinda sebuleni. Jambo ninalotaka kukueleza sipendi alisikie.

Kaka, samaki wa Yusufu wanajikuna.

Usicheke. Najua sisi watoto wa Tanga tunamjua samaki akiwa kwenye sahani na ndimu pembeni. Nami nilicheka hivyohivyo lile tangi la kioo lilipoingia kwangu. Sasa sicheki, na nitakueleza toka mwanzo kwa sababu hata mimi nikiandika huenda nikaelewa, maana mpaka hapa nilipo sielewi.

Umeniuliza mara mbili Yusufu anaendeleaje, na mara mbili nimekujibu "yupo". Ndivyo alivyo. Yupo. Unajua alikuwa dereva wa shirika. Kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipofungwa wakamhamishia ya Nyarugusu, na mwaka huu shirika likapunguza watu, naye akiwemo. Mimi sina neno na mtu kupunguzwa kazi, dunia ndivyo ilivyo. Neno langu ni hili: miaka yote hiyo walitufundisha kwenye semina habari za kujitegemea, wakabandika na karatasi ukutani, lakini hakuna aliyefundishwa afanye nini asubuhi ya kwanza asiyokuwa na gari la kupasha moto. Siku ya kugawana vitu vya ofisi ya Mtendeli, kabla hajahamishwa, mmoja alichukua jokofu, mwingine vitanda. Yusufu akarudi na tangi la kioo na pampu yake ya hewa, ambavyo bosi mmoja alikuwa anafugia samaki nyumbani.

Samaki aliwatoa Kigoma mwenyewe, enzi bado ana safari za kufuata mizigo ya shirika. Ni wa ziwani, wale wadogo wakaao kwenye mawe. Wengine wa njano kama limau, wengine wana mistari myeusi. Kila safari alikuwa akirudi na madumu ya maji ya ziwa kwa ajili yao, na mimi nikimwambia, "Baba Zuhura, umevuka Kasulu nzima na mabonde yake ukiwa umebeba maji kuyaleta kwenye mji wa chemchemi." Alikuwa akijibu neno moja tu: "Wameyazoea."

Tangu kazi imeisha hasemi sana. Haombi, halalamiki, hagombi. Wewe unajua mume asiyegomba na mimi ni mgonjwa. Asubuhi anachoamkia ni lile tangi. Anawapa chakula, anafuta kioo, anakaa. Nikajisemea, heri hivyo, kuliko alale tu akitazama ukuta.

Kisha akatokea mtu wa Kakonko, mwenye lori, anatafuta dereva mtulivu. Alimtaka Yusufu kwa jina. Yusufu akasema ataanza. Wiki hiyohiyo samaki wakaanza kujikuna, naye akaniambia, "Siwezi kuwaacha wanajikuna." Nikasema sawa, wapone kwanza. Ndipo niliposhika vita hivyo na mimi, kwa sababu niliona kazi imesimama nyuma ya samaki, na nikiwaondoa samaki njia itafunguka.

Uwaone, Kaka. Samaki anaogelea vizuri, mara ghafla anajilaza ubavu na kujisugua kwenye jiwe kama mbuzi kwenye mti, tumbo linang'aa, halafu anaondoka mbio kana kwamba jiwe limemtukana. Mapezi wameyabana. Mashavu yanafunguka na kufungika kwa haraka. Mmoja akianza wa pili anafuata.

Nilisoma. Usiku na mchana nilisoma kwenye simu. Mmoja anasema ni wadudu wasioonekana, pasha maji moto. Mwingine anasema ukipasha moto umewaua. Wa tatu anasema chumvi ndiyo dawa ya kwanza, wa nne anasema chumvi ni ujinga wa zamani. Wote wanaandika kwa uhakika uleule. Mimi nimebishana na wahariri wa magazeti na wenyeviti wa bodi za shule, lakini sijawahi kukutana na watu wagomvi kama wafugaji wa samaki.

Nikaamua mwenyewe kwamba ni dawa ya kuulia vijidudu iliyomo kwenye maji ya bomba. Siku zile maji yalikuwa yananuka dawa mpaka chai inanuka. Na sisi, baada ya maji ya ziwa kuisha, tulikuwa tunajazia ya bomba. Hoja ilikuwa safi. Nikaagiza bomba likome, tuchote maji ya mvua kwenye pipa chini ya mfereji wa bati. Maji ya Mungu, hayana dawa ya mtu. Yusufu akachota, hakubisha. Ningekuwa na akili ningeshtuka hapo.

Wakazidi kujikuna.

Nikamwita bwana mifugo, kijana mwenye pikipiki na gambuti. Akainama mbele ya kioo muda mrefu.

"Mama Zuhura, hawa mnawachinja lini?"

"Hawachinjwi."

"Basi mnawakamua?"

"Wewe umesomea mifugo au umesomea bucha?"

Akacheka, lakini si mjinga. Alisema, "Ng'ombe akijisugua kwenye nguzo natafuta kupe. Hapa sijui kupe wa samaki anafananaje, lakini tafuteni vidoa vyeupe, kama chembe za chumvi mwilini." Tukawasha tochi ya simu. Mimi nikaona kidoa kwenye pezi la mmoja wa mistari. Yusufu akasema ni mchanga. Nikasema ni kidoa. Samaki akageuka na ushahidi wake. Bwana mifugo akasema tujaribu chumvi, akavaa kofia yake, akaondoka akituombea heri sote, na samaki pia.

Sasa katikati ya hayo ndipo akaja mavyaa wangu kutoka Heru Juu. Amesikia mwanawe Yusufu amekaa bila kazi, akapanda bodaboda mpaka Kasulu mjini na kutoka hapo basi, na unga wa muhogo na maharage mapya kwenye kapu. Unawajua Waha kwa salamu. Alisimama mlangoni akipiga makofi taratibu, akauliza habari za kwangu, za duka, za Zuhura, za kwenu Tanga, za goti lako, ndiyo, nilimwambia, mpaka nikahisi nimeulizwa na serikali nzima. Kisha akakaa mbele ya tangi, mikono mapajani, akatazama.

"Wanajikuna," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Kuku akijikuna ana chawa."

"Mama, hawa si kuku. Inawezekana ni maji, inawezekana ni mdudu, inawezekana ni joto. Bado tunachunguza."

"Ego," akasema, ndiyo yao hiyo. "Mimi kuku wangu nikimwona ana chawa simwitii mkutano."

Yusufu aliguna. Nilidhani ni kikohozi, kumbe alicheka. Nilifurahi na nikakasirika kwa pamoja.

Siku iliyofuata nilikuwa nafua uani kwa maji ya pipa la mvua, sabuni ikanizidi. Povu hadi viwiko, nasuuza halitoki. Nikakumbuka tulipokuwa Kigoma kwenye harusi ya binamu yake Yusufu, nilifua kanga pale ufukweni na sabuni ikagoma kabisa, haitoi povu, inabaki utando mweupe kwenye beseni. Nikasimama na nguo mkononi. Maji ya ziwa ni mazito, haya ya huku milimani ni mepesi, na ya mvua ndiyo mepesi kupita yote. Hawa viumbe wamezaliwa kwenye maji yenye chokaa na magadi ndani yake, na sisi, na hasa mimi, tulikuwa tunayapunguza ndoo kwa ndoo. Kama ni kweli, basi kuwashwa kwao ni maji yaliyobadilika ghafla, na mimi ndiye niliyeagiza yabadilike.

Nilichukua magadi jikoni, yale ya kulainishia maharage, nikasaga kijiko kimoja, nikakoroga kwenye kikombe. Yusufu alikuwa ametoka kwenda msikitini. Nikamimina. Sikusema kitu, kwa sababu hoja ya mvua nilishaitetea mbele ya wote na nilitaka nione matokeo kwanza.

Kabla ya magharibi maji yakawa kama maji ya kuoshea mchele. Nikasimama sebuleni nikauliza, "Nani ameweka nini humu?"

Mavyaa alikuwa anachambua maharage. Yusufu alikuwa anatazama pampu.

"Nauliza kwa wema."

"Chumvi kidogo tu," Yusufu akasema. "Mchana. Ile ya Uvinza."

"Kiasi gani?"

"Konzi."

"Konzi ya nani, yako au yangu?"

Akatazama kiganja chake. Mavyaa akaweka ungo chini. "Na majivu," akasema. "Asubuhi, mlipokuwa mnakunywa chai. Nimeyachekecha kwa kitambaa, hayana mkaa. Kuku tunamwogesha majivu chawa wanatoka."

"Mama, mbona hukutuambia?"

"Mwana wanje," akasema, mwanangu kwa lugha yao, "dawa haitangazwi. Ukiitangaza inaona haya, haifanyi kazi." Kisha akanitazama mkono. "Na wewe kijiko hicho cha nini?"

Kaka, ilibidi niseme. Nyumba moja, tangi moja, siku moja, watu wazima watatu, kila mmoja na dawa yake, hakuna aliyemwambia mwenzake. Mavyaa kwa desturi ya kwao, mimi kwa kiburi, na Yusufu kwa sababu siku hizi hatangazi chochote. Tukakaa chini tukayatazama yale maji. Bibi wa watu akaanza kucheka, mabega yakimtikisika, nami nikafuata. Yusufu alitoa nusu ya maji kwa mpira, polepole, akajazia ya chemchemi yaliyolala kwenye ndoo.

Asubuhi yule mkubwa wa mistari alikuwa amekufa. Yusufu alimzika kwenye shina la mgomba. Mimi mtoto wa Tanga nimeshuhudia samaki akizikwa.

Waliobaki wakaacha kujikuna. Si siku hiyohiyo. Mmoja aliacha, wa njano akaendelea, kisha naye akaacha. Mapezi yakafunguka. Sasa wanazunguka mawe yao na kufukuzana kama zamani.

Na hapa ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka vizuri. Nini kiliwaponya? Mavyaa amesharudi Heru Juu na nina hakika kata nzima imeshaambiwa kuhusu majivu. Mimi siwezi kukubali majivu kwa sababu ya chawa, kwa kuwa chawa hakuwapo. Lakini ukiniuliza majivu yanafanya nini kwenye maji, nitakujibu yanafanya karibu kama magadi, na hapo nimemsaidia mpinzani wangu. Bwana mifugo nilikutana naye sokoni, akasema ni chumvi, maana yeye ndiye aliyeitaja. Huenda ni zile ndoo za maji mapya. Huenda kile kidoa kilikuwa kidoa kweli na mdudu amekufa. Huenda ilikuwa dawa ya bomba toka mwanzo, ikatoka yenyewe. Na yule wa mistari aliuawa na nini, ugonjwa au sisi? Mtu makini hubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja ili ajue. Sisi tulifanya mapinduzi matatu mchana mmoja, na sasa hakuna historia inayoweza kuandikwa.

Hayo yote ningeyaacha, nisingekupotezea karatasi. Linalonikosesha raha ni linalofuata.

Mezani nilimwambia, "Wamepona."

"Ndiyo."

"Yule wa Kakonko amepiga tena. Anasubiri."

"Ndiyo."

Nikamtengea nguo. Nikamfulia na lile koti la kuendeshea. Nilikuwa na furaha, Kaka, nilikuwa naona nimeshinda.

Alasiri moja nilirudi kutoka dukani kabla ya muda, nilisahau funguo za stoo. Nikamkuta amesimama mbele ya tangi, anamimina maji kwa dumu. Kwenye kona ipo ndoo tuliyoiandaa pamoja, maji ya chemchemi, magadi kidogo, na makombe ya konokono wa ziwani aliyokuwa nayo toka zamani. Tulikubaliana hiyo ndiyo ya kujazia. Dumu alilolishika lilikuwa limelowa nje na lina majani ya mwembe wa jirani shingoni, yale yanayoanguka juu ya bati letu. Yalikuwa maji ya pipa la mvua.

Hakushtuka. Alisema, "Yalipungua."

Nikatazama kioo. Alikuwa ameshamimina, sikuweza kujua kama yalikuwa yamepungua kweli. Samaki walikuwa wanaogelea tu. Nikamwambia, "Nipe hilo dumu, Baba Zuhura." Akanipa. Nilitoka nalo, nikalimwaga uani, nikarudi nikakaa kwenye kiti chake. Yeye akabaki amesimama.

Unajua ninavyobishana. Nilikuwa na maneno, yamejipanga, la kwanza mpaka la mwisho. Ningeweza kumuuliza, "Umesahau au umekusudia?" na angelazimika kujibu. Akatangulia yeye.

"Lile lori linabeba mahindi," akasema. "Linapita Mtendeli."

"Najua."

"Palikuwa na watu pale, Mama Zuhura. Nilikuwa nikifika watoto wanakimbilia gari, wananiita kwa jina. Sasa ni nyasi. Sitaki kupita pale na mahindi."

Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote aliyonipa tangu apunguzwe kazi. Halafu akachukua kitambaa akafuta kioo, mahali pasipokuwa na kitu.

Sijui, Kaka. Inawezekana alisahau tu, mtu anayewaza mengi huchota pipa lililo karibu. Inawezekana alitaka waanze tena kujikuna ili apate siku zingine. Inawezekana na yeye hajui mkono wake ulikuwa unafanya nini. Na kama alikuwa anajua, je, toka lini? Lakini mvua niliiagiza mimi, hilo siwezi kumsingizia. Nimegeuza jambo hili kila upande, sipati pa kulishika. Mimi ambaye husema kila jambo lina sababu na sababu hutafutwa, nimegundua kwamba hili nikilichunguza sana nitapata jibu, na sijui nitalifanyia nini jibu lenyewe. Nikasema moyoni, basi.

Jana mwenye lori alipiga simu akitaka kujua Jumatatu au asiweke matumaini. Yusufu alikuwa palepale, mkono kwenye pampu, na pazia limefunguliwa.

Nikamwambia, "Bwana, utuwie radhi. Samaki bado wanajikuna."

"Samaki?"

"Ndiyo. Hatuwezi kuwaacha hivi. Kama utapata dereva mwingine, mchukue, hatutakulaumu."

Akakata. Nadhani alidhani amenipigia wakati nina homa. Yusufu hakugeuka, ila pampu aliiachia, akaja akakaa kwenye mkeka karibu na miguu yangu, tukawatazama samaki wake wazima mpaka adhana.

Sijui kama nimemsaidia au nimemfungia ndani. Utasema nimekuwa dhaifu, na ukisema nitakujibu, unanijua. Lakini kabla hatujafika huko nakuomba jambo moja. Mwandikie shemeji yako barua kwa jina lake, si langu. Usimuulize kazi. Usimwambie mwanamume ni nini na nini. Mwambie umesikia anafuga samaki wa ziwa, na muulize wanakula nini. Hilo atakujibu.

Mpe salamu zangu wifi, yeye ndiye mwenye akili hapo kwenu. Mwambie shangazi wa vitumbua kwamba huku vitumbua wanavijaribu na wanashindwa. Msalimie mwalimu wetu wa chuo, mwambie swali langu bado halijajibiwa na sina haraka. Na wajukuu zako wape pipi, mmoja mmoja, wasigombane.

Goti lipeleke hospitali.

Ndimi mdogo wako, niliyenyamaza safari hii kwa mara ya kwanza na sijazoea,
Mwanaasha, Mama Zuhura